Jumatatu Paneli Hazipendi Kazi

Ijumaa, 6 Juni

Mama, nisamehe. Daftari hili ulinitilia mfukoni mwezi Machi, pale kituoni, basi dogo la Italia likiwa limeshawashwa, ukaniambia: "Andika kila siku, hata mstari mmoja. Likijaa mpe Kosta dereva aniletee." Leo ni Juni na ukurasa wa kwanza una mchoro wa Bilyana tu, ni paka au labda ni mimi. Si kwamba nilikusahau. Nikitoka kazini nampikia mtoto, namwogesha, nakaa kitandani kumvua soksi, na hapo hapo usingizi unanichukua na soksi mkononi.

Kwenye simu unaniuliza kila mara nafanya nini hasa kule juu ya paa. Naandika mara moja, usiniulize tena.

Juu ya paa la kile kiwanda cha zamani cha nyanya za kopo kuna paneli za sola kumi na mbili. Sita ni za kawaida. Sita nyingine vioo vyake vimepakwa mpako wa Daktari Rada, wenye chembe ndogo mno ambazo hata yeye mwenyewe huziona kwa picha tu. Jua lina mwanga ambao jicho halioni, na paneli nayo haijui kuutumia, inaupoteza bure. Zile chembe zinaunywa mwanga huo na kuutoa tena ukiwa mwekundu, na mwekundu paneli inaupenda. Mchana ukiziangalia ni vioo tu. Ukizifunika kitambaa cheusi na kuzimulika kwa taa ya zambarau, zinawaka kama makaa.

Kila asubuhi najifunika hicho kitambaa cheusi na taa yangu, naangalia kama mpako haujachubuka. Saa saba na robo mchana, jua likiwa utosini, nasoma umeme wa hizi sita na wa zile sita, naandika pengo kwenye fomu ya kazini. Kila Jumatatu naziosha zote kumi na mbili. Wastani wa pengo ukibaki juu ya asilimia tatu mpaka mwisho wa Agosti, wawekezaji wa Plovdiv watajenga karakana ya kupaka vioo hapa hapa mjini, na mimi nitapata mkataba wa kudumu. Tulishakubaliana mimi na wewe: siku nitakayosaini, unamuaga yule bibi wa Italia unayemuuguza na kurudi nyumbani.

Leo pengo 4.4.

Jumamosi, 7 Juni

Pengo 4.9. Bilyana amekula udongo wa chungu cha maua. Anasema ni keki.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeosha zote, ndoo kumi na nane kwa ngazi. Pengo 1.3. Nilishtuka, nikashuka mbio kwa Injinia Tashev. Ndiye mkuu wetu, mrefu, mkavu, hapandi paani kwa sababu ya goti lake, au kwa sababu ya cheo chake, sijui. Aliitazama karatasi bila kuinua uso.

"Jumatatu, Bi Zornitsa, hata paneli hazipendi kazi."

Sikujua kama ni mzaha. Sura yake haikunisaidia.

Jumanne, 10 Juni

Pengo 2.2. Nimechoka.

Alhamisi, 12 Juni

Pengo 3.7. Linapanda lenyewe kadiri wiki inavyosogea, kama mgonjwa anayepata nafuu.

Daktari Rada kaniletea cheri za mti wao, tumekaa kivulini tukitemea mbegu ukutani. Huyu ndiye mtu ninayempenda pale. Ananiita mdogo wangu, hajivuni na usomi wake. Miaka sita anaupika ule mpako, mchumba wake alishachoka kusubiri akaoa mwingine. Leo asubuhi alinikuta chini ya kitambaa. Kule chini vumbi linaonekana kama madoa meusi juu ya wekundu, huwezi kujua ni vumbi au ni mchubuko mpaka upitishe kitu. Basi mimi napitisha ule mkono wa gauni lako la flana, ulioukata mwaka jana Bilyana alipokuwa na mafua. Ni laini, haukwaruzi.

"Unazilea kama watoto wachanga," akasema.

"Hawa angalau hawalii," nikamjibu. Tukacheka hadi cheri ikampalia.

Jumatano, 18 Juni

Mvua ya mawe. Nilipanda na mablanketi matano na turubai la dada yako Gena, nikazifunika zote, mawe yananipiga mgongoni. Mawe yalipokwisha nikazifunua, mvua ya kawaida ikaendelea kuzinyeshea; hakuna kilichopasuka. Nyumbani mama mkubwa alinikanda kwa siki na kunitukana wakati huo huo. "Mtoto wa Marusya wewe! Unajifanya mwavuli wa vioo vya watu, huyu binti yako nani atamfunika?"

Alhamisi, 19 Juni

Anga bluu, limeoshwa. Pengo 1.2. Injinia anasema ni mabaki ya mawingu. Mimi sikuona wingu lolote, lakini mimi nina cheti cha chuo cha ushonaji, yeye ana cha uhandisi.

Jumatatu, 23 Juni

Pengo 1.3. "Hazipendi kazi," nikasema mimi kabla yake. Akaniangalia. Nadhani alitabasamu, au jino lilimuuma.

Jumanne, 1 Julai

Mavuno ya ngano yameanza. Mashine ziko mpaka nyuma ya reli, vumbi la makapi limetanda. Nafua, naanika, naanua nguo chafu. Baba yake Bilyana hajapiga simu tangu Pasaka. Mtoto ameacha kuuliza, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi, 5 Julai

Pengo 6.0! Daktari Rada alinikumbatia mbele ya walinzi. Wawekezaji watakuja Ijumaa ya tarehe 25. Injinia aliagiza kahawa tatu, na moja ilikuwa yangu.

Nilikupigia, ukaimba kwenye simu. Ukasema umeshaanza kumwonyesha kazi yule mwanamke atakayeshika nafasi yako.

Jumatatu, 14 Julai

Pengo 1.4. Kesho zinaanza Goreshtnitsi, na dada yako ameshapanda jukwaani. "Siku tatu hizi za moto, katika nyumba hii hakuna kufua, hakuna kukanda mkate, hakuna kulowesha kitambaa. Ghala la akina Stanchev liliungua mwaka gani? Na nani alikuwa amefua siku hiyo? Mke wa Stanchev!"

"Mama mkubwa, mimi nafutia kazini, si nyumbani."

"Moto unajua anwani yako? Ukifuta hata kioo cha saa, tafuta mwingine wa kukulelea mtoto."

Sina mwingine. Anajua.

Jumanne, 15 Julai

Nyuzi thelathini na tisa. Nimepanda, nimemulika tu, sikugusa. Ule wekundu ulikuwa hafifu chini ya vumbi, lakini mzima. Pengo 1.3.

Nimerudi nyumbani, mama mkubwa akanikagua mikono kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Jumatano, 16 Julai

Sikufuta. Pengo 1.2. Jumatano huwa 3.

Supu baridi ya mtindi na matango, kwa sababu jiko haliwashwi. Bilyana kauliza kama na jua nalo limekatazwa kufua.

Alhamisi, 17 Julai

Sikufuta. Pengo 1.2.

Nilikaa juu ya ndoo nikafungua daftari hili kuanzia mwanzo. Jumatatu ninapoziosha zote, pengo moja na kitu. Siku inayofuata mvua, moja na kitu. Siku tatu ambazo sikufuta, moja na kitu. Siku nyingine zote, ambazo nilifuta sita na kuziacha sita, linapanda, linapanda, na wakati wa vumbi la ngano likafika sita.

Mama, si mpako. Ni mimi.

Ijumaa, 18 Julai

Siku za moto zimekwisha, mama mkubwa kawasha jiko na kukanda mikate minne kwa hasira ya kufungiwa. Mimi nilipanda mapema. Nikachukua mkono wa gauni lako nikafuta zile sita za kawaida tu, ambazo hazijawahi kuguswa ila Jumatatu. Za mpako nikaziacha na vumbi lao.

Saa saba na robo. Za kawaida zimezishinda za mpako kwa asilimia tatu.

Sikuandika kwenye fomu. Mkono haukukubali.

Jumapili, 20 Julai

Nimekaa na jambo hili siku mbili na sitakudanganya nilichofikiri. Nilifikiri: naendelea kufuta tu. Hakuna anayepanda huko juu. Nani atajua? Agosti itaisha, nitasaini, utashuka kwenye basi la Kosta na masanduku yako, Bilyana atakuogopa siku mbili kisha atalala kitandani kwako.

Halafu nikafikiri juu ya mtu atakayenunua vile vioo. Ataviweka juu ya nyumba yake na kwenda kazini. Nani atampandia kila asubuhi na kitambaa? Mwaka hautakwisha watakuwa wamegundua, karakana itafungwa, nami nitakuwa nimekuita nyumbani kwa ajili ya namba iliyotengenezwa na mkono wa gauni. Utarudi tena kuwageuza wagonjwa kitandani, ukiwa umezeeka zaidi. Hapana.

Mama mkubwa kaona sili. "Una mimba?"

"Sina mimba, mama mkubwa."

"Basi kula."

Jumatatu, 21 Julai

Nilimwambia Daktari Rada kwanza. Ni mpako wake, nikaona ndiyo adabu. Tulikuwa maabara, yeye na chupa zake zinazowaka kijani na machungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kufunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Wanakuja Ijumaa, mdogo wangu. Wamebakiza siku nne."

"Ndiyo maana nimekwambia leo."

"Sikiliza. Fomu inauliza zimeoshwa lini. Umejaza Jumatatu, na kweli uliosha Jumatatu. Hukuandika uongo hata mmoja. Nani alikuuliza habari ya kufuta?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Basi!" Akaweka chupa chini. "Miaka sita, Zornitsa. Na wewe mwenyewe una mama kule. Unataka nini? Medali?"

Nilitaka aniite mdogo wangu tena. Nilimwambia kesho asubuhi naenda kwa Injinia, akitaka twende pamoja. Akageukia chupa zake. Nimefika nyumbani nikamzaba Bilyana kibao mkononi kwa kumwaga maziwa, halafu nikalia mimi, yeye akanipangusa kwa kitambaa cha meza.

Jumanne, 22 Julai

Nilienda peke yangu. Nilidhani Injinia atanifukuza, nikavaa viatu vizuri ili nifukuzwe nikiwa na viatu.

Alisikiliza kama anavyosikiliza kila kitu, macho kwenye karatasi. Kisha akasimama, akapanda ngazi. Ngazi arobaini na moja, Mama, na lile goti. Kila ngazi ya tano alisimama na kujifanya anatazama ukuta. Paani akaniomba kitambaa. Akapiga magoti kwenye lami ya moto na suruali yake ya pasi, akajifunika kile cheusi, akamulika. Nikasikia sauti yake kutoka chini ya kitambaa:

"Kweli. Huwezi kuona bila kufuta."

Alipotoka nywele zilikuwa zimesimama kama za kifaranga. Akakaa juu ya ndoo yangu.

"Fomu hii niliiandika mimi," akasema. "Niliandika wakague kila asubuhi. Sikuwahi kupanda kuona ukaguzi unafanywaje. Na Jumatatu zote zile nikaleta mzaha."

"Mzaha wenyewe haukuwa mbaya, Injinia."

"Ulikuwa mbaya sana." Akatoa kalamu. "Ninahitaji tarehe. Siku gani ulifuta, siku gani hukufuta. Hakuna mahali umeandika?"

Nikamwambia lipo daftari, lakini ni la mama yangu.

Jumatano, 23 Julai

Naandika kwenye karatasi, nitabandika baadaye. Daftari analo Injinia. Nisamehe, sikuwa na njia nyingine.

Alhamisi, 24 Julai

Kalirudisha. Amenakili namba zote kwa penseli kwenye karatasi zake. Kurasa zenye habari za baba yake Bilyana alizikunja katikati na kuzibana kwa kibanio. "Nilipoona si habari za paneli, nilikunja," akasema. "Ila palipoandikwa mimi ni mkavu nilipasoma mara mbili."

Nilitamani lami inimeze.

Ijumaa, 25 Julai

Walikuja wawili, mwanamume na mwanamke, mashati meupe. Mama mkubwa alikuwa ameoka banitsa mbili za jibini, hajui lolote, alijua tu kuna wageni wakubwa. Daktari Rada alisimama dirishani, ametupa mgongo.

Injinia aliwaambia yote, yeye mwenyewe, akaniita mimi kama ushahidi na si kama kosa. Akawaonyesha Jumatatu, mvua, siku tatu za moto. Yule mwanamume akacheka, si vibaya, kwa kuchoka tu.

"Kwa hiyo tulichotaka kununua ni mikono ya huyu dada?"

"Hiyo haiuzwi," Injinia akasema. "Kilichopo ni asilimia moja nukta mbili. Ni ndogo, lakini ni ya kweli, na inakuja yenyewe bila kitambaa."

Mwanamke aliandika kitu, akauliza je, wakati wa baridi, jua likiwa chini? Injinia akasema hatujui. Akauliza kama tunaweza kujua. Akasema tunaweza, tukianza upya na zote zikifutwa sawa. Waliondoka bila kugusa banitsa. Tumeila sisi na walinzi.

Hakuna karakana. Hakuna mkataba wa kudumu. Nimepewa miezi sita kuanzia Septemba, kupima upya mpaka majira ya baridi yaishe.

Jumapili, 27 Julai

Nimekupigia. Unajua tulichosema, lakini nakiandika kwa sababu daftari hili limekuwa la ukweli na sitaki kuliharibu sasa.

Nilikwambia yote bila kupumua. Upande wako nilisikia saa ya ukutani ya yule bibi, na yeye akikuita kutoka chumbani. Hukusema "umefanya vizuri." Hukusema "umefanya nini." Ukauliza: "Bilyana anavaa viatu namba ngapi sasa?"

Nilisema nitakuandikia.

Ijumaa, 1 Agosti

Joto.

Jumanne, 5 Agosti

Joto. Rada hanisalimii. Namsalimia kila siku, kwa sauti, kwa jina lake lote na udaktari wake. Simwombi msamaha kwa sababu sikumkosea, ila salamu ni yake.

Alhamisi, 14 Agosti

Korongo wameondoka leo, wote kwa pamoja, juu ya reli. Bilyana kawapungia mkono. Akauliza kama wanapita Italia.

"Labda."

"Basi wamwambie bibi nina meno yote."

Jumatano, 20 Agosti

Tumechoma pilipili uani kutwa nzima, tumejaza chupa arobaini. Mama mkubwa sasa anajua yote. Anaamini ni yeye aliyeokoa sayansi. "Ningekuacha ufute, mngejua nini? Hao mainjinia wako waje waniulize mimi." Injinia nilipomwambia alisema yuko sahihi kabisa, na akaomba chupa mbili za pilipili.

Jumatatu, 1 Septemba

Tumeanza upya. Nimefika asubuhi nikamkuta Daktari Rada yuko paani kabla yangu, suruali imekunjwa magotini. Kaleta ndoo mbili, nyekundu na bluu, na bakuli la plamu. Akaosha sita, nikaosha sita, kisha tukabadilishana, ili hata mikono yetu isije ikaleta tofauti. Hilo aliliwaza yeye.

Tulipokaa kupumzika akatemea mbegu ukutani.

"Moja nukta mbili," akasema. "Miaka sita kwa moja nukta mbili."

"Ni yako. Hakuna wa kukunyang'anya."

"Nyamaza, mdogo wangu, kula plamu."

Pengo 1.2. Ni Jumatatu, lakini hakuna aliyeleta mzaha.

Ijumaa, 5 Septemba

Kosta anaondoka kesho asubuhi, nampa daftari hili hata kama halijajaa. Pengo 1.2 wiki nzima, halipandi, halishuki. Nimeanza kulipenda, kama mtu mkimya.

Uliuliza viatu. Miguu ya Bilyana nimeichora ukurasa wa mwisho, kalamu wima kabisa, ingawa alicheka na kalamu ikateleza kwenye kidole gumba. Tunachohitaji ni hivi:

Viatu vya baridi vya Bilyana, namba 26, si 25, na viwe vya kufunga kwa mkanda wa kunata, kamba hajui bado.

Soksi nene za mama mkubwa, zisiwe za buluu, anasema za buluu ni za hospitali.

Glavu zangu za mpira zenye manyoya ndani, maana Januari nitakuwa na ndoo kule juu.

Dawa ya goti, ile ya bomba la kijani anayopakwa bibi yako. Si ya nyumbani, ni ya kazini.

Picha yako ya sasa, si ile ya pasipoti. Bilyana anainyooshea kidole ile na kuuliza huyo askari ni nani.

Daftari jingine.

Na lile gauni la flana, kama bado unalo, ukate mkono wa pili. Wa kwanza ni wa hizi sita za mpako. Zile sita nyingine zinataka mkono wa kitambaa kile kile.